Vidole Visivyosomeka

"Pangusa kidole, mzee, halafu weka tena," karani alisema.

Mzee alipangusa kidole gumba kwenye suruali, akakirudisha juu ya mashine. Taa ya kijani ikamulika, ikasita, ikageuka nyekundu. Karani akamshika mkono, akakibana kile kidole kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe. Nyekundu. Wakajaribu cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Wakahamia mkono wa kushoto. Nyuma yake foleni ya wastaafu ilikuwa imefika mlangoni, na watu walishaanza kuguna.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa naosha vioo."

"Vya magari?"

"Vya samaki."

Karani aliinua macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, na uchovu wake ulikuwa ule wa mtu aliyeanza kazi kabla jua halijatoka. Alikigeuza kiganja cha mzee kwenye mwanga, akakitazama.

"Vimelika," alisema. "Havina mstari hata mmoja. Mfumo haukusomi."

Mzee alijua kwamba ncha za vidole vyake ni laini. Mkewe alikuwa akimtania kwamba Mungu alimpa mikono ya mbeba mizigo, kisha akaishiwa, akamalizia kwa vidole vya mtoto mchanga. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza matangi kwenye Jumba la Samaki la serikali, mahali wanafunzi walipoletwa kutazama samaki wakiwa hai. Maji ya chumvi na siki vilikuwa vimekula vidole vyake kidogo kidogo, kama kipande cha sabuni kinavyoisha bafuni. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku mtu angekuja kuvidai.

Alichomoa kadi yake ya kazi ya zamani, akaisukuma kwenye dirisha.

"Hizi zilishafutwa," karani alisema, akairudisha. "Kitambulisho chako nimekiona, jina limo, picha ni yako. Lakini uhakiki ni wa kidole. Na leo ndiyo mwisho. Ambaye hajahakikiwa mpaka saa tisa na nusu, mfumo unamhamishia kwenye orodha ya marehemu. Malipo yanasimama."

"Lakini mimi niko hapa mbele yako."

"Nakuona, mzee. Ila kuona kwangu hakuhesabiki."

Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi. Kulikuwa na fomu ya wasiosomeka, akaeleza. Alete mashahidi wawili, watu waliomfahamu kwa muda usiopungua miaka mitano, waje wenyewe na vitambulisho vyao, watie sahihi mbele yake.

"Watu gani?"

"Yeyote. Ndugu, jirani, mliofanya kazi pamoja. Mtu wa umri wako hakosi watu wawili. Haya, anayefuata."

Mzee alikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, fomu ikiwa magotini.

Alianza kuhesabu. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Kaka yake alitangulia zamani. Majirani waliokaa nao miaka ishirini walitawanyika nyumba zilipovunjwa kupisha barabara, kila mmoja na upande wake. Alikopanga sasa hajafikisha miaka mitatu, na watu wa pale walimjua kwa kikohozi chake zaidi ya sura yake. Alipofikiria vizuri aligundua kwamba tangu Ijumaa hakuwa amezungumza na mtu, ukiacha kuitikia salamu dukani. Na mkono wake haukuwa umeshikwa na mtu tangu siku ya mazishi, watu walipopita kumpa pole, mpaka asubuhi hii karani alipoukamata kukandamiza vidole.

Kando ya benchi palikuwa na tangi la samaki, refu kama kitanda. Kioo chake kilikuwa kimefunikwa na mwani mpaka ukumbi wote pale ulikuwa na rangi ya dimbwi. Samaki alionekana tu alipokaribia kabisa kugusa kioo, doa la rangi ya chungwa, kisha akapotelea ndani. Watu walikaa wakiwa wameligeuzia mgongo.

Mwanamke kijana wa usafi alikuja na ndoo, glovu za mpira, na bonge la waya wa kusugulia sufuria. Akainua mfuniko wa tangi, akachovya mkono.

"Usifanye hivyo," mzee alisema.

Sauti ilimtoka ya kukwaruza, na kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wawili waligeuka.

"Samahani, binti. Hiyo waya itakikwaruza kioo. Na mkwaruzo wa ndani hauna dawa. Mwani utakuja kujishika humohumo, kila siku utakuwa unasugua bila kutakata."

"Ndiyo niliyopewa."

"Na nani?"

"Msimamizi. Mkuu anakuja saa nne na wageni. Amesema asione hata doa."

"Na akiona mikwaruzo?"

Mwanamke aliutoa mkono majini taratibu. "Atasema ni mimi."

Mzee alisimama. Akagonga tangi kwa ukucha, akasikiliza.

"Hiki ni kioo kweli. Ingekuwa plastiki ingelia kama kopo, na hata kitambaa kigumu kingeiumiza. Kioo ni kivumilivu, ila mchanga hakiuwezi. Una sponji jipya?"

"Lipo la vyombo."

"Limeshaguswa na sabuni?"

"Bado liko kwenye nailoni yake."

"Lete hilo. Sabuni isisogee hapa, hata harufu yake. Samaki watakufa wote kabla mkuu hajashuka kwenye gari."

Yule mwanamke alicheka kidogo, akaenda kulileta.

Mzee alimwambia achomoe kwanza waya za umeme, za pampu na za taa. Kisha achote maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo safi, ya kusuuzia. Akakunja mkono wa shati mpaka begani, akaingiza sponji, akaanza juu, akishuka kwa mstari ulionyooka, kama mtu anayepiga pasi.

"Unashuka hivi, hukandamizi. Vidole viwili kabla ya kufika kwenye mchanga, simama. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Punje moja inaingia katikati ya sponji na kioo, wewe unaizungusha bila kujua, ukimaliza umechora ramani. Kila ukishuka mara moja, toa, suuza, lipapase sponji kama lina kitu. Halafu ndiyo urudi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kazi hii haitaki nguvu, binti. Inataka mtu asiyechoka kurudia."

Kwenye pembe mwani ulikuwa umekauka madoa madoa, ukakataa sponji. Akamuuliza kama ana kadi ya plastiki isiyo na kazi. Hakuwa nayo. Mzee aliitoa ile kadi yake ya kazi, akaitazama kidogo, akaisuuza kwenye ndoo, akailaza juu ya kioo na kuisukuma. Ule ukijani ukabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

"Ilaze hivyohivyo, usiisimamishe. Sasa vua glovu, pitisha kidole. Jicho linadanganywa na maji. Kidole kitakuambia palipobaki utelezi."

Mwanamke alipitisha kidole, akakwangua palipobaki. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kumbe ndiyo maana mashine imekukataa. Nilikuwa napiga deki pale, nimesikia."

"Ndiyo maana."

Kioo kiliendelea kufunguka. Samaki walikuwa saba, mmoja pezi limechanika. Walikuwa wamekonda. Mzee aliuliza nani anawalisha, yule mwanamke akasema kila mtu mle ofisini anafikiri mwenzake amewalisha. Wakafanya kazi bega kwa bega. Mzee akajikuta anaongea. Alimweleza kuhusu Jumba la Samaki, jinsi wanafunzi walivyokuwa wakibandika pua kwenye kioo na kuacha mafuta ambayo yeye aliyafuta kila jioni kwa siki iliyotiwa kwenye kitambaa; jinsi walivyombatiza jina la Bwana Kioo, hata mkurugenzi akalisahau jina lake halisi.

"Na nyumbani uko na nani, baba?" mwanamke aliuliza.

"Niko na redio."

Msimamizi alitokea kwenye ngazi, funguo zikimlia kiunoni.

"Nani kamruhusu mteja kuweka mkono humo? Hii ni mali ya ofisi. Mzee, rudi kwenye benchi. Na wewe, waya niliyokupa iko wapi?"

"Ipo, bosi," mwanamke alijibu, ameisukuma nyuma ya ndoo kwa kisigino.

Msimamizi aliinamia kioo, akakikagua toka pembe moja hadi nyingine. Alichokiona mle ni sura yake mwenyewe. Akaweka sawa kola, akaondoka.

"Hao mashahidi utawapata wapi?" mwanamke alinong'ona.

"Nafikiria."

"Mliofanya kazi pamoja je? Hakuna hata mmoja?"

Mzee aliteremsha mkono wa shati juu ya ngozi iliyolowa. Alikuwapo mmoja, fundi wa pampu, ambaye kwa miaka yote ile walishirikiana bakuli moja mchana. Hawakuwa wameonana tangu kuvunjwa kwa nyumba.

Alikwenda kwa miguu. Alipitia kwanza Jumba la Samaki, kwa kuwa lilikuwa njiani, akidhani huenda yuko mlinzi au mfagizi wa zamani. Getini palikuwa na lori linashusha saruji. Madirisha makubwa ya mbele yalikuwa yamezibwa kwa matofali. Mlinzi, kijana mwenye sare mpya, alimuuliza anamtafuta nani. Mzee alikuwa anatafuta mtu yeyote aliyewahi kumwona pale, na hilo si jina la mtu. Akasema amepotea njia.

Ilikuwa saa saba alipobisha kwa fundi wa pampu. Alifungua mke wake, akiwa na fimbo mkononi. Alikuwa amepungua sana. Alimkodolea macho bila kumjua, mpaka mzee alipotoa salamu.

"Shemeji?" mwanamke alisema. "Ni wewe shemeji? Ingia, ingia."

Mzee aliingia, akakaa kwenye kiti kilekile alichozoea. Kiti cha pili kilikuwa kimewekewa kikapu cha nguo.

"Tulikutafuta," shemeji yake alisema. "Tulikupigia wee, simu haikuita. Kule mlikokuwa mnakaa walituambia hapana mtu, pamekuwa barabara. Tumemzika mwezi wa nne."

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

"Simu niliibiwa," mzee alisema.

Shemeji alimletea maji. Huko nje mtu alikuwa anagonga bati, anaacha, anagonga tena. Shemeji alieleza kidogokidogo: kifua, siku kumi na mbili, mtoto wao wa kiume alikuwa mbali kikazi na akawahi mazishi tu. Marehemu alikuwa amemtaja. Alisema Bwana Kioo aambiwe, vile vifaa vyake vya pampu achukue yeye.

Baadaye aliuliza, "Ulikuja kwa shida gani?"

"Hapana shida. Nilikuja kuwajulia hali."

"Na hiyo karatasi unayoikunja?"

Akamnyang'anya, akaisogeza dirishani, akasoma mpaka mwisho huku midomo ikicheza.

"Miaka mitano?" alisema. "Mimi nimekupakulia chakula miaka thelathini."

Alitoa kitambulisho chini ya godoro, akajitupia mtandio.

"Shemeji, na huo mguu?"

"Mguu hauitwi kutoa ushahidi. Nimeitwa mimi. Twende."

Walikwenda taratibu, wakipumzika kila walipopata ukuta wa kuegemea. Ilipofika saa tisa na dakika kumi waliingia ukumbini. Foleni ilikuwa imekwisha. Tangi lilikuwa limewashwa taa, na kioo kilikuwa safi kiasi kwamba mtu angedhani samaki wako hewani.

"Mkuu amepiga picha na wageni pale mbele," karani alisema, akifungafunga mafaili. "Amesema ofisi yetu ni ya mfano. Mashahidi wako wapi?"

"Mmoja ni huyu."

Shemeji alitoa kitambulisho, akaandika, akatia sahihi. Karani alikagua, akatikisa kichwa kukubali.

"Wa pili?"

"Sina."

Alilisema kama mtu anayesema hana chenji. Shemeji alimtazama upande, akatazama chini.

"Mimi hapa," sauti ilisema nyuma yao. Yule mwanamke wa usafi alikuwa ameegemeza ufagio kwenye benchi na anafuta mikono.

"Wewe unamfahamu tangu lini?" karani aliuliza.

"Ni baba yangu mdogo."

Karani alimtazama, akamtazama mzee. Asubuhi alikuwa amewaona kwa macho yake, bega kwa bega, wageni wawili. Aliigeuza fomu, akaweka kalamu chini ya maandishi madogo na kuyasoma polepole, bila ukali. Atakayetoa ushahidi wa uongo atafukuzwa kazi na kushtakiwa.

"Nisaini wapi?" mwanamke alisema.

Mzee aliweka kiganja juu ya karatasi. "Hapana. Hanijui. Amenijua leo."

"Baba, nyamaza."

"Una watoto?"

"Wawili."

"Basi andika kweli."

"Kweli haitoshi, mzee," karani alisema. "Inatakiwa miaka mitano."

"Fomu inakataza kuandika kweli?"

Karani aliisoma mbele na nyuma. Haikukataza. Ilisema kila nafasi ijazwe kwa herufi kubwa, na fomu iliyojazwa kabla ya saa tisa na nusu ipokelewe. Alitazama saa ya ukutani, akamsogezea yule mwanamke kalamu.

Aliandika akiwa ameinama, ulimi kwenye pembe ya mdomo. Palipoulizwa amemfahamu kwa muda gani, aliandika TANGU LEO SAA MBILI NA NUSU ASUBUHI. Palipoulizwa amemfahamu vipi, alifikiri kidogo, kisha akaandika AMENIFUNDISHA KUOSHA KIOO CHA TANGI BILA KUKIKWARUZA. Akatia sahihi.

Karani aligonga muhuri wa kupokea.

"Nakwambia ukweli wangu, mzee. Makao makuu wataikataa."

"Najua."

"Sasa umeihangaikia ya nini?"

"Huko juu kuna mtu atalazimika kuisoma."

Karani aliuliza namba ya simu ya kumwitia, na mzee hakuwa na simu, ikaandikwa ya shemeji. Kisha akashusha kidirisha.

Mzee alimrudisha shemeji yake mpaka mlangoni. Alikaribishwa ndani akasema kumeshakuwa jioni, atapita siku nyingine. Alikwenda kwake akawasha redio. Watu wawili walikuwa wanabishana kuhusu mpira, akawaacha waendelee mpaka alipolala.

Mwezi uliofuata malipo hayakuingia. Aliuza meza, baadaye kabati la mkewe. Siku za Jumapili shemeji alimwita kula, naye alikwenda mara mbili, ya tatu akatuma salamu kwamba anaumwa, kwa sababu alikuwa ameona jinsi sufuria ilivyo ndogo.

Wiki ya saba shemeji alikuja mwenyewe na fimbo yake kumwambia kwamba ujumbe umeingia. Kuna barua ofisini, ifuatwe.

Alikwenda asubuhi. Yule mwanamke wa usafi hakuwapo. Kampuni yake ilikuwa imemaliza mkataba na wote wameondolewa. Kwenye dirisha la barua alikaa karani mwingine, kijana mwenye visikilizio masikioni. Mzee alitaja namba ya jalada. Kijana akapekua, akachomoa bahasha, akaishika bila kuitoa.

Juu yake palikuwa pameandikwa kwa mashine: Kwa Msimamizi wa Mirathi ya Marehemu, na chini yake jina la mzee, limenyooka, halina kosa hata la herufi. Ndani, kama alivyokuja kusoma baadaye kwenye ngazi, alitakiwa kuwasilisha kibali cha mazishi katika siku thelathini ili jalada lifungwe.

"Saini daftari kwanza," kijana alisema. "Jina, tarehe, uhusiano na marehemu."

Mzee alichukua kalamu. Aliandika jina lake. Aliandika tarehe. Kwenye safu ya tatu, wa juu yake walikuwa wameandika mke, mtoto, kaka, mke, mjukuu. Alivuta pumzi, akaandika taratibu, kila herufi akiinyoosha: Mwenyewe.

Kijana alilivuta daftari, akagonga muhuri juu ya lile neno bila kulisoma, akampa bahasha.